Matangazo ya Vifo ya Gazeti la Tarishi

Kazi ya Hilda Shorrock ilikuwa kusoma kwa sauti. Kila Jumatano na Alhamisi, tangu saa mbili asubuhi, aliketi katika chumba chembamba cha ghorofa ya pili, kwenye jengo la gazeti la Tarishi mjini Harclough, akasoma yaliyoandikwa neno kwa neno, pamoja na koma zake na nukta zake. Bwana Duxbury, msahihishaji, alimfuatisha kwa penseli kwenye prufu, zile kurasa za majaribio, zilizotoka kwa wapanga chapa zikiwa bado zinanuka wino. Hilda alisoma bei za ng'ombe, matokeo ya kriketi, hotuba za madiwani, arusi, hukumu za walevi, na tahariri. Vyote alivisoma kwa sauti ile ile. Ndivyo Bwana Duxbury alivyomfundisha siku ya kwanza, alipokuwa msichana wa miaka kumi na sita.

"Ukianza kucheka au kulia, makosa yatapita mbele ya macho yangu nisiyaone," alimwambia. "Wewe soma herufi. Maana waachie wenye gazeti."

Kwa miaka ishirini na miwili Hilda aliwaachia.

Kazi ile aliipata kwa jasho la mtu mwingine. Baba yao alipofariki, Hilda alikuwa na miaka tisa na dada yake Annis kumi na minne. Mama alikaa jikoni na mchungaji wakazungumza jioni nzima, na asubuhi yake Annis akavaa aproni, akashuka mtaani pamoja na wanawake wengine kwenda kiwanda cha Scar End. Wakamweka chumba cha kuchana pamba, pale marobota yanapofunguliwa na nyuzi kuchanwa kwenye mitambo mikubwa, na hewa nzima hugeuka nyeupe. Annis aliingia humo ili Hilda abaki shuleni. Hakuwahi kumkumbusha. Ijumaa, Tarishi lilipotoka, alilisoma lote mpaka matangazo ya mbwa waliopotea, kisha alikuwa akisema, "Mdogo wangu, leo umesoma vizuri. Sijaona kosa hata moja."

Hakuna aliyeolewa. Kijana wa Annis alizama na meli yake wakati wa vita, na Hilda alisema kwamba waliomtaka yeye hawakumfaa, na waliomfaa walikuwa wameshaoa. Mama alipokufa, wakabaki wawili katika nyumba ile ile, mawe yake meusi kwa moshi na mlango wake unaofunguka moja kwa moja barabarani.

Kikohozi cha Annis kilianza na siku za Jumatatu. Jumapili alipumzika, akaimba kanisani. Jumatatu jioni alirudi kifua kimembana kama aliyefungwa mkanda. Jumanne alijisikia nafuu. Wanawake wote wa chumba kile waliijua Jumatatu yao, nao waliifanyia mzaha. Lakini mwaka hadi mwaka Jumatatu ikaenea ikawa Jumanne, ikawa Jumatano, na alipofika miaka arobaini na mitatu Annis alikuwa akipanda ngazi za nyumbani kwa kukaa. Alipanda tatu, akakaa. Alipanda tatu nyingine, akakaa tena. Akaacha kazi.

Sheria ya wakati ule ilitoa pensheni kwa walioharibiwa kifua na vumbi la pamba, ila ilitaka mtu awe ametimiza miaka ishirini ndani ya vumbi hilo. Annis alikuwa na kumi na tisa. Miaka ya vita walimpeleka kiwanda cha risasi, na miaka minne alikaa nyumbani kumuuguza mama. Karani wa ofisi ya pensheni aliihesabu mara mbili, akamwambia anasikitika sana.

Mtu wa kwanza kuliona jambo hili kwa ukubwa wake alikuwa Daktari Iorwerth Prosser, daktari mkuu wa afya wa mji. Alikuwa Mwelisi, mfupi, mwenye koti lililomzidi, na watu walimcheka lafudhi. Kwa miezi minane alipita nyumba kwa nyumba akisikiliza vifua vya wanawake waliofanya kazi chumba cha kuchana pamba. Alipofika kwa akina Shorrock alikaa saa nzima, akamwandika Annis katika daftari lake kubwa, akanywa chai.

"Daktari, unavyoandika hivyo, nitapona?" Annis alimuuliza.

"Hapana, mama," alijibu. "Sitakudanganya. Ila wale wasichana walioingia mwaka huu, hao inawezekana."

"Basi andika sana," Annis akasema.

Ripoti yake ilipelekwa kwa baraza la mji mwezi wa Novemba. Ilisema kwamba zaidi ya nusu ya wanawake aliowapima walikuwa wameshaharibika vifua, kwamba wenye viwanda wawekewe sharti la mitambo ya kuvuta vumbi, na kwamba miaka ishirini ile ipunguzwe. Madiwani wengi walimshika mkono. Wachache, wenye busara ya mji ule, walinyamaza kwanza wasikie Tarishi litasemaje.

Kwa maana huko Harclough watu hawakuuliza baraza limeamua nini. Waliuliza Thwaite ameandika nini. Lionel Thwaite alikuwa mhariri kwa miaka ishirini na saba. Mrefu, mwenye sauti ya chini, na mtu asiyenunulika: bata bukini aliyeletewa Krismasi na mwenye kiwanda alimrudisha siku hiyo hiyo akiwa na manyoya yake. Wapanga chapa walimwita Askofu, akiwa hayupo. Jumamosi asubuhi ngazi za ofisi yake zilikanyagwa na madiwani, wakuu wa shule, mkuu wa polisi, na Bwana Catterall, mbunge wao. Catterall alikuwa mtoto wa fundi viatu. Tarishi lilimwandika vizuri miezi sita mfululizo, akaenda London, na tangu siku hiyo kila Jumamosi aliyokuwa mjini alipanda ngazi zile na kofia mkononi. Mwenyekiti mmoja wa kamati ya nyumba alibishana na Thwaite hadharani. Zikatoka tahariri tatu, akajiuzulu kwa sababu za kiafya, na afya yake ikawa njema kabisa baada ya hapo. Hata mawaziri walimwandikia kwa mkono wao.

Alhamisi iliyofuata ripoti hiyo Hilda alichukua karatasi za tahariri kutoka kwenye kikapu, akakaa, akaanza.

"Kichwa cha habari: Daktari na Hesabu Zake. Aya. Harclough imefungiwa viwanda vinne katika miaka sita koma na haihitaji kuambiwa na mgeni kwamba vilivyobaki navyo ni makaburi nukta."

Alisoma kwamba moshi wa dohani za nyumba na wa sigara ndio uletao kikohozi. Alisoma kwamba wanunuzi wa nguo wa ng'ambo nao wanasoma magazeti. Bwana Duxbury alipiga alama zake pembeni. Hilda akageuza ukurasa.

"Isitoshe koma wako wanawake ambao kikohozi chao..."

Akanyamaza.

"Kikohozi chao," Bwana Duxbury akarudia, penseli ikingoja.

Hilda aliusoma mstari kwa macho. Ulisema: wako wanawake ambao kikohozi chao huzidi kila wasikiapo neno pensheni.

"Endelea, Bi Hilda."

"Siwezi, bwana."

"Macho yanakuuma?"

"Macho yangu mazima. Mstari huu siusomi."

Bwana Duxbury alikuwa na umri wa miaka sitini na minne, na katika umri wote huo hakuna msomaji aliyewahi kumwambia neno kama hilo. Akanyoosha mkono, akachukua karatasi. Akausoma mstari mwenyewe kimyakimya, mara mbili, akautazama kwenye prufu. Haukuwa na kosa la herufi. Akatia alama ya kuupitisha, na mkono wake ukabaki pale pale juu ya karatasi kwa muda.

"Mimi niliamua zamani kutosoma maana," alisema. "Sikuwa na dada kiwandani."

Tahariri ikatoka Ijumaa. Annis alilisoma gazeti karibu na moto, blanketi magotini, kama kawaida yake. Hilda alikuwa akimenya viazi.

"Hii nayo umeisoma wewe?" Annis akauliza.

"Nilikomea kwenye mstari ule."

"Upi?"

"Unaujua, dada."

Annis akakunja gazeti, akavuta pumzi kabla ya kusema, kwa sababu siku hizo ilimbidi kuzipanga pumzi zake. "Kwa hiyo mingine yote uliisoma."

Hilda aliendelea kumenya kiazi mpaka kikawa kidogo kama jozi.

Wiki iliyofuata baraza liliipokea ripoti ya Daktari Prosser na kuiweka kabatini. Waliomshika mkono walitazama dari. Bwana Catterall, aliyekuwa ameahidi kuuliza swali Bungeni, alisema suala linahitaji utafiti zaidi. Mke wa daktari akawa anahudumiwa wa mwisho duka la nyama hata akifika wa kwanza, na ukutani kwao mtu aliandika kwa chokaa RUDI WELISI. Kabla ya Krismasi daktari alijiuzulu. Alipita kwa Annis kumuaga, akamwachia chupa ya dawa ya kulegeza kifua.

Thwaite naye alimwita Hilda. Msimamizi wa mitambo ya uchapaji alikuwa amemfikishia habari.

"Nasikia tahariri yangu ilikwama Alhamisi," alisema. Hakumkaripia, alimvutia kiti.

"Ilikwama kwangu, bwana."

"Niambie kwa nini."

Hilda akamwambia. Alimtajia dada yake, kisha akamtajia wengine wa mtaani kwao: Edna Whittaker, miaka kumi na saba chumbani; Phoebe Grimshaw, kumi na minne, amezikwa; Sarah-Ann Lord, kumi na minane, hawezi kutandika kitanda chake. Thwaite alisikiliza mpaka mwisho, vidole vimeshikana.

"Bi Shorrock," akasema, "mwenye Scar End anatafuta kisingizio cha kufunga. Akifunga, watu mia sita hawana kazi. Unataka niwe mimi niliyempa?"

"Nataka usiseme wanajikoholesha."

Thwaite alitenganisha vidole vyake. "Mstari ule ulikuwa mkali. Mstari mkali ndio unaosomwa."

"Umesomwa, bwana. Dada yangu ameusoma."

"Niandikie barua ya wasomaji," alisema hatimaye. "Weka majina, kama wenyewe wamekubali. Siahidi kitu."

Hilda aliandika barua kwa siku nne, akapita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa, akaiweka mezani kwa mhariri. Kila Jumatano barua za wasomaji zilipoingia kwenye kikapu alizipekua kabla ya kukaa. Walilalamika juu ya mbwa, juu ya taa za barabarani, juu ya kengele ya kanisa. Yake haikuwamo. Wiki ya tatu alimkuta Thwaite kwenye ngazi, akamuuliza.

"Barua yako ipo," alijibu, akapita.

Annis alikufa mwezi wa Februari, Jumanne, saa nne asubuhi, theluji imelala madirishani. Hilda alikuwa amemwegemeza kwa mito mitatu. Annis alisema, "Nifungulie dirisha kidogo," na Hilda alipogeuka kutoka dirishani kila kitu kilikuwa kimekwisha. Alikaa naye mpaka Mama Grimshaw, jirani, mama yake Phoebe, alipoingia na supu, akamwondoa taratibu, akafanya yanayofanywa.

Siku ya pili yake Hilda alikwenda dirisha la matangazo, ghorofa ya chini, kama mteja yeyote. Msichana wa pale akampa fomu. Matangazo ya vifo yalikuwa na maneno yake ya kawaida, na msichana alikuwa tayari ameanza kumwandikia: baada ya kuugua kwa muda mrefu, aliouvumilia kwa ujasiri.

"Futa hayo," Hilda akasema. "Andika: Annis Shorrock, miaka arobaini na minne. Chumba cha kuchana pamba, Scar End, miaka kumi na tisa."

"Hayo tu, dada?"

"Hayo tu."

"Mbona hakuna hata apumzike kwa amani?"

"Ameshapumzika. Andika."

Tangazo la kulipiwa halikupita kwa mhariri. Ulikuwa utaratibu wa gazeti tangu enzi za babu yake Thwaite: mwenye kufiwa huandika atakavyo, mradi asimtukane mtu. Alhamisi Hilda alirudi kazini, amevaa nyeusi, na karatasi ile ikamfikia katika kikapu miongoni mwa nyingine. Bwana Duxbury aliiona kabla yake.

"Hii nitajisomea," alisema.

"Hapana, bwana. Niachie."

Akaisoma kwa sauti ile ile, na koma zake.

Hakuwa ameshauriana na mtu, wala hakutarajia lolote. Lakini wiki tatu baadaye Edna Whittaker naye alikufa, na mume wake, mtu asiyejua kuongea, alisimama kwenye dirisha la matangazo akasema anataka lake liandikwe kama la yule Shorrock. Chumba cha kuchana pamba, Scar End, miaka kumi na saba. Mwezi wa Machi yakatoka mawili. Aprili yakatoka manne, na moja likawa la kiwanda kingine. Wengine waliotangulia kuzikwa miaka ya nyuma nao wakaanza kutangazwa katika siku zao za kumbukumbu: Phoebe Grimshaw, miaka kumi na minne. Hakuna aliyelaumu, hakuna aliyedai. Jina, chumba, kiwanda, miaka. Ijumaa watu wakawa wanafungua Tarishi kwa nyuma, wanasoma matangazo ya vifo kabla ya kitu kingine. Kwenye duka la samaki na chipsi walisomeana wakiwa kwenye foleni, na wanaume walivua kofia.

Mwenye Scar End alipiga simu kwa mhariri. Msichana wa simu alisema alipiga mara tatu kwa siku moja.

Mwezi wa Juni, Alhamisi, Thwaite alishuka mwenyewe kwenye chumba chao cha kusomea prufu. Katika miaka ishirini na miwili Hilda hakuwahi kumwona humo. Alikuwa ameshika prufu ya ukurasa wa vifo, na wiki hiyo ilikuwa na majina sita.

"Nani aliyewapanga watu hawa?" akauliza.

"Hakuna, bwana," Hilda akasema. "Wanakuja dirishani wanalipa."

"Ulianza wewe."

"Nilimtangaza dada yangu."

"Nina uwezo wa kuyakata, unajua."

"Najua. Uwezo unao."

Bwana Duxbury alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena. "Ukiyakata, bwana," alisema, bila kuinua sauti, "itabidi umtafute mtu mwingine wa kupitisha ukurasa huu. Mimi nimebakiza miezi saba nistaafu. Napenda niimalize vizuri."

Thwaite alimtazama kama mtu aliyesikia meza ikisema. Kisha akaitazama prufu. Walimwona akisoma jina moja moja, midomo ikitikisika, na alipofika la nne akasimama.

"Martha Tattersall," alisema. "Huyu alikuwa akifua nguo kwetu, nikiwa mdogo. Alinifundisha kufunga kamba za viatu."

"Alirudi kiwandani mama yako alipofariki," Hilda akasema. "Miaka kumi na sita."

"Naona. Imeandikwa."

Akaweka karatasi mezani, akaitandaza kwa kiganja, akatoka. Hakuikata.

Jumamosi hiyo Bwana Catterall alipanda ngazi saa tatu asubuhi na hakushuka mpaka saa sita. Diwani mmoja aliyekuwa akingoja nje alisema aliisikia sauti ya Thwaite tu, ya chini, haikatiki. Tahariri haikuandikwa. Watu walioitafuta Ijumaa walikuta habari ya daraja la reli.

Mwezi wa Oktoba mbunge alisimama Bungeni, karatasi mkononi, akasoma majina. Alisoma thelathini na moja: chumba, kiwanda, miaka. Alitaka miaka ishirini ile itazamwe upya. Alipaza sauti kidogo, wabunge wakamsikiliza zaidi ya ilivyokuwa desturi yao, na magazeti makubwa ya London yakaandika. Hilda alikuja kuyajua hayo kwenye kiti chake, akimsomea Bwana Duxbury taarifa ya Bunge. Alifika mahali mbunge aliposema, "Jumatatu yao imeenea ikawa wiki nzima," akaishusha karatasi.

"Nini tena?" Bwana Duxbury akauliza.

"Haya ni maneno yangu. Ni ya barua yangu."

Bwana Duxbury alifikiri. "Basi mhariri aliitunza. Miezi yote hiyo aliiweka mahali."

"Angeichapisha mwaka jana, Annis angeisoma."

"Ndiyo," mzee akasema. "Angeisoma."

Hilda alimaliza taarifa ile mpaka nukta ya mwisho, akanyanyuka, akapanda kwa mhariri bila kuitwa.

"Nimesoma ya Bungeni," alisema. "Nakushukuru kwa waliobaki. Nimekuja kuulizia Daktari Prosser."

Thwaite alikuwa amezeeka kidogo mwaka ule. "Prosser ana kazi huko kwao. Nimeulizia."

"Kila alichosema Catterall, daktari alikisema kwanza, nawe ukamfukuza mjini. Andika kwamba ulimkosea."

"Gazeti haliombi radhi kwa maoni yake, Bi Shorrock."

"Hata kama maoni yalikuwa mabaya?"

Akainuka, akaenda dirishani. Chini, barabarani, watu walikuwa wakitoka sokoni. "Catterall ananisikiliza kwa sababu mji unaniamini," alisema. "Nikiandika kwamba niliwapotosha juu ya daktari, kesho nani atapanda ngazi hizi? Mara nyingine nitakapotaka kitu kwa ajili ya watu kama dada yako, nitakitaka kwa nani?"

"Labda hawapaswi kupanda," Hilda akasema. "Labda wangemsikiliza daktari wao wenyewe."

Thwaite alibaki amemgeuzia mgongo, na Hilda alingoja kwa heshima muda wa kutosha, kisha akashuka kwenda kazini. Mara kadhaa katika maisha yake alijiuliza kwa nini hakuacha kazi siku ile. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, kazi nyingine hakuijua, na ukurasa wa vifo ulikuwa ukimngoja kikapuni. Hakutaka mtu mwingine ausome.

Miaka ile ishirini ilikuja kupunguzwa baadaye, si mara moja, na si kwa nguvu ya mtu mmoja. Vyama vya wafanyakazi, madaktari wa miji mingine, na wajane wasiojulikana walisukuma kila mmoja kwa upande wake. Scar End nacho kilifungwa, kwa sababu ya bei za nguo, na gazeti halikupewa lawama.

Sikukuu ya Pentekoste iliyofuata hotuba ile ya Bungeni, Hilda alipanda treni kwenda Welisi. Daktari Prosser alikuwa akipima watoto wa shule katika mji mdogo wa machimbo ya mawe. Alimpokea stesheni, koti lile lile, nywele zimekuwa nyeupe. Mke wake aliandaa chai na mkate wa zabibu, akawaacha sebuleni. Hilda alifungua mkoba, akatoa vipande alivyokata gazetini kila Ijumaa, arobaini na kimoja, vimefungwa kwa utepe.

Daktari alivishika kwa mikono yote miwili. Kisha akaenda kabatini, akarudi na daftari lake kubwa, akaliweka mezani baina yao.

"Nisomee," alisema. "Macho yangu siku hizi si mazuri."

Hilda akasoma jina moja baada ya jingine, na daktari akayatafuta kwa kidole katika kurasa zake. Arobaini na moja, na thelathini na watatu kati yao alikuwa amewasikiliza vifua. Kila alipompata mmoja alikumbuka kitu: huyu alikuwa na paka asiye na mkia; huyu alikataa kuvua shali; huyu aliniuliza kama nimeshakula. Kwa Annis kidole chake kilisimama.

"Huyu aliniambia niandike sana," alisema.

Walipofika mwisho alibaki ameinamia daftari. "Na hawa wengine, ambao hawamo kwenye vipande vyako?"

"Wengi wako hai. Sarah-Ann Lord yuko kwa binti yake, anapumua kwa shida, lakini yupo. Wasichana walioingia mwaka ule wameshahama, wako viwanda vya biskuti na madukani. Wazima."

"Wangapi?"

"Ninaowajua, kumi na wawili. Nitakuandikia majina."

"Niandikie," akasema.

Jioni, jua likiwa bado juu ya vilima vya mawe, alimsindikiza mpaka stesheni. Walisimama kando ya reli wakingoja.

"Mhariri wenu ni nani siku hizi?" daktari akauliza.

"Ni yule yule."

"Bado wanapanda kwake Jumamosi?"

"Bado, daktari. Ila siku hizi, kabla ya kupanda, wanasimama chini kwenye dirisha la matangazo, wanasoma nani amefariki."

Daktari aliitikia kwa kichwa polepole. Treni ilipofika alimpandishia mkoba, akavua kofia, akasimama hapo hapo mpaka behewa la mwisho likapita.